Taa janja, swichi janja au kifaa cha nyuma ya swichi: kipi kinafaa sebule ya Tabora?

Kabla ya kuuliza ununue taa gani, uliza ukuta ni wa nani. Mpangaji wa Cheyo na mtu aliyefika hatua ya plasta kule Ipuli wanaweza kutamani sebule ileile: mwanga laini unaopungua kadiri usiku unavyoingia, kabati la mninga linalong'aa bila balbu kukutumbulia macho, hakuna waya unaoning'inia, na pangaboi linalozimika bila mtu kunyanyuka kwenye kochi. Tamaa ni moja, njia ni mbili. Tatizo ni kwamba dukani wote wawili huuziwa boksi lilelile lenye picha ya simu.

Swali la pili ni la hapa kwetu zaidi: umeme ukikatika, au bando likiisha katikati ya mwezi, nyumba inabaki na nini? Kifaa ambacho bila intaneti hakiwashi hata taa ya chooni hakifai nyumba yenye familia, kiwe kizuri namna gani ukutani. Kwa hiyo nitavipima vifaa kwa sura na kwa mazoea ya Tabora, na palipo na upande wangu nitausema.

Taa ileile, njia tatu za kuiwasha

Njia ya kwanza ni taa janja yenyewe, yaani balbu yenye redio ndogo ndani yake. Unatoa ya zamani kwenye holda, unafunga mpya, unaiunganisha na simu, basi. Angalia tu holda yako. Kuna nyumba nyingi zenye holda za pini, B22, wakati balbu janja nyingi zinazoletwa ni za kuzungusha, E27. Adapta zipo, lakini adapta inaishusha balbu sentimita kadhaa mpaka inachungulia chini ya kofia ya taa, na hapo uzuri umekwenda. Afadhali kubadilisha holda. Kwa fundi ni kazi ya muda mfupi.

Balbu ina sifa ambayo hizo njia nyingine hazina: inabadilisha rangi ya mwanga, kutoka mweupe wa mchana hadi wa njano wa jioni, na unaweza kuipunguza ikabaki mwanga wa kulalia tu. Ukihama, unaifungua na kuondoka nayo. Kwa mpangaji hilo peke yake karibu linamaliza mjadala.

Udhaifu wake uko ukutani. Balbu janja inataka swichi ya ukutani iwe imewashwa muda wote. Mtu akiizima, simu haina tena wa kuongea naye. Na watu wataizima. Mgeni ataizima, mtoto ataizima, na bibi aliyekuja kutoka Urambo, ambaye maisha yake yote amezima taa kabla ya kulala, ataizima kwa nia njema kabisa. Wapo wanaobandika selotepu juu ya swichi. Sijaona bado sebule iliyopendezeshwa na selotepu.

Halafu kuna suala la usiku wa manane. Balbu nyingi za aina hii zimepangwa tangu kiwandani ziwake kila umeme unaporudi, kwa sababu balbu haina namna ya kujua kama umeme ulizimwa kwenye swichi au ulikatika mtaa mzima. Basi umeme ukikatika saa nne na kurudi saa nane usiku, vyumba vyote vinawaka kwa pamoja na watoto wanaamka. Dawa ipo ndani ya programu ya simu: tafuta mpangilio wa hali ya taa baada ya umeme kurudi, chagua ibaki ilivyokuwa au ibaki imezimwa. Balbu isiyo na mpangilio huo usiinunue kwa ajili ya chumba cha kulala, hata wakikupa kwa bei ya kutupa.

Njia ya pili ni swichi janja. Inakaa mahali pa swichi ya kawaida na taa zako zinabaki zilezile. Hapa sura inaguswa moja kwa moja, maana swichi unaiona na kuishika kila siku. Zilizojaa madukani ni za kioo, za kugusa bila kubonyeza, nyeusi au nyeupe. Kwenye picha kile kioo cheusi kinavutia sana. Kwenye nyumba ya Tabora, tangu Juni mpaka mvua za Novemba zifike, kinaonyesha vumbi na alama za vidole asubuhi hiyohiyo uliyokifuta. Nyeupe isiyong'aa inastahimili. Kila kitufe kina kitaa chake kidogo, mara nyingi cha bluu; sebuleni hakisumbui, kando ya kitanda kinaudhi. Na mtu mzima anayepapasa ukuta gizani kwa kiganja anawasha taa tatu kwa mpigo. Ukiamua kuchukua swichi janja, chukua ya kubonyeza.

Kikwazo chake kikubwa ni nyaya. Swichi janja nyingi zinataka nyutro, waya unaokamilisha njia ya umeme, ifike kwenye boksi la swichi, ili ziendelee kupata umeme hata taa ikiwa imezimwa. Katika nyumba nyingi zilizokwisha kujengwa, fundi alipeleka nyutro kwenye taa darini, kwenye swichi akashusha laivu, waya unaoleta umeme, na waya wa kurudi kwenye taa tu. Zipo swichi zisizodai nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa ili zenyewe ziendelee kuwa hai, na kwa balbu za LED za wati chache matokeo yake huwa taa kupepesa, au kubaki na mwanga hafifu wakati umeshaizima. Kuna kapasita ndogo inayofungwa kwenye taa kuzuia hilo. Inasaidia, ila ni kiraka.

Njia ya tatu haionekani kabisa. Ni kiboksi chenye upande wa sentimita nne hivi, kinachofichwa ndani ya boksi la ukutani, nyuma ya swichi ya kawaida. Swichi inaendelea kuwasha na kuzima, simu nayo inawasha na kuzima, hakuna anayemfungia mwenzake njia. Bibi wa Urambo habadilishi chochote. Intaneti ikifa, kidole kinafanya kazi. Kwa upande wa sura, njia hii inakuacha huru kuchagua swichi yoyote moyo unayopenda, iwe ya plastiki nyeupe, iwe ya rangi ya shaba, na nyumba nzima swichi zikafanana asijue mtu ipi ina ujanja na ipi haina. Kwa anayejenga, upande wangu ni huu.

Ila ina masharti yake. Nyutro inahitajika kwa vifaa vingi vya aina hii pia, na juu yake kuna kina cha boksi. Boksi za mraba tunazotumia, ambazo mafundi wanaziita tatu kwa tatu na swichi zake zina uso wa milimita 86 kwa 86, hazilingani kina. Yenye milimita 25 haina nafasi ya swichi, nyaya na kifaa kwa pamoja. Ya 35 inabana. Ya 47 inatosha na fundi hatukani mtu. Kwenye saiti mazungumzo huwa hivi:

"Mama, boksi nimeshachukua, hizi za kawaida."

"Zina kina gani, fundi?"

"Kina? Hizi ndizo wanatumia wote, mama."

"Naomba hizo fupi uzirudishe, uniletee ndefu. Na kila swichi unishushie nyutro."

"Nyutro kwenye swichi ya nini tena? Waya utaongezeka."

"Uongezeke tu, baba. Wewe uniandikie umeongezeka kiasi gani."

Gharama ya waya huo ni ndogo ukiilinganisha na kupasua ukuta uliokwisha kupigwa rangi. Na si lazima vifaa vyenyewe uvinunue sasa. Nyumba yenye boksi ndefu na nyutro inaweza kukaa na swichi za kawaida miaka mitano, mwenyewe akijipanga, kisha ikafungwa vifaa chumba kimoja kimoja bila kugusa rangi.

| | Taa janja | Swichi janja | Kifaa cha nyuma ya swichi |
|---|---|---|---|
| Anayefaa zaidi | Mpangaji | Mwenye nyumba iliyokwisha, ikiwa nyutro ipo | Anayejenga au kukarabati |
| Nyutro kwenye swichi | Haihitajiki | Mara nyingi inahitajika | Mara nyingi inahitajika |
| Kupunguza mwanga na kubadili rangi | Ndiyo | Rangi hapana. Kupunguza kwa baadhi tu | Rangi hapana. Kupunguza kwa baadhi tu, na balbu iwe ya kupunguzika |
| Bando likiisha | Swichi ya ukutani inawasha na kuzima, basi | Unabonyeza kama kawaida | Unabonyeza kama kawaida |
| Kinachoonekana | Balbu tu | Swichi mpya ukutani | Hakuna |
| Ukihama | Unaondoka nayo | Unarudisha ya zamani kwanza | Inabaki, au umwite fundi |

Usifunge viwili kwenye taa moja. Balbu janja iliyowekwa kwenye mstari wenye swichi janja itakatiwa umeme na mwenzake, kisha utabaki kuilaumu Wi-Fi.

Na ndugu aliyeko Marekani akikutumia swichi kama zawadi, soma maandishi ya nyuma kabla ya kushukuru. Za kule nyingi zimetengenezwa kwa volti 120 na kwa boksi la mstatili. Kwetu umeme ni volti 230 na boksi ni mraba. Ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, umeme hautaiunguza, ila ukutani bado haitakaa.

Mninga hauoni raha chini ya taa yoyote

Huku Tabora hatuna njaa ya mbao nzuri. Misitu ya miombo inayotuzunguka ndiyo inayotoa mninga, na ukiingia nyumba ya mtu wa makamo utakuta kabati, meza au angalau fremu za milango zilizochongwa humu humu mjini. Kiini cha mninga kina rangi inayoanzia kahawia ya dhahabu hadi wekundu ulioiva, kikiwa na mistari ya giza inayopita ndani yake. Hiyo rangi ndiyo uliyoilipia. (Ukiagiza mbao mpya, angalia alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na risiti, usije ukafanya kabati la kesi.)

Ukiwasha juu yake mwanga wa kelvini 6500, ule mweupe wenye ubluu kidogo uliojaa kila duka, wekundu unakufa. Mbao inaelekea kijivu, mistari inapotea, na kinachobaki kung'aa ni vanishi. Washa mwanga wa kelvini 2700 mpaka 3000 na mbao ileile inarudisha uhai wake. Namba hii imeandikwa kwenye boksi la balbu, kwa kawaida karibu na wati. Watu wengi wanasoma wati tu.

Usiniamini mimi, pima. Mwombe seremala wako kipande cha mabaki, cha ukubwa wa kiganja, kilichopigwa vanishi ileile ya kabati. Nenda nacho dukani. Mwambie muuzaji awashe balbu mbili, moja ya 3000 na moja ya 6500, zenye wati sawa. Kishike kipande umbali wa rula moja chini ya ya kwanza, kigeuze polepole, tazama mistari inavyojitokeza na kuzama. Kisha kihamishie chini ya ya pili. Fanya hivyohivyo na kipande cha kitambaa cha pazia, na kibao kilichopakwa rangi ya ukuta wako. Rangi ya krimu iliyoonekana tamu kwenye kopo inaweza kuwa na ukijani chini ya taa mbaya. Ukiona boksi limeandikwa Ra au CRI, namba ya 90 inaonyesha rangi za vitu kwa usahihi zaidi ya 80. Jikoni na kwenye kioo cha kuvalia utaiona tofauti hiyo haraka, hasa kwenye nyama na kwenye uso.

Kwenye jambo hili la rangi, taa janja zinazobadili weupe zinashinda wazi. Saa moja jioni mtoto anafanya kazi ya shule mezani, anapewa 4000. Saa tatu watu wamekaa na chai, inashuka 2700 yenyewe. Kwa hiyo hata anayejenga, ambaye nimemwambia afiche vifaa nyuma ya swichi, ningemshauri aache sehemu mbili za sebule, juu ya meza na kando ya kabati, zitumie balbu janja na swichi zao ziwekwe mahali pasipofikika kwa bahati mbaya.

Barazani mwanga wa njano una kazi nyingine. Mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi wanatoka na wanaijua njia ya kwenye taa nyeupe. Mwanga wa njano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye ubluu. Baraza weka 2700 au chini, pamoja na kihisi mwendo ili taa iwake mtu anapofika tu. Isipokuwa kama kumbikumbi unawataka kwenye kikaango, basi weka nyeupe, weka na beseni la maji chini.

Utepe wa LED darini, au taa mbili za kusimama?

Mtindo umekuwa dari la jipsamu lenye ngazi mbili tatu, na kila ngazi ina utepe wa taa: bluu, zambarau, nyekundu. Mchana ni dari tu. Usiku sebule inakuwa ukumbi wa harusi, na mama mwenye nyumba anasubiri keki. Nasema hivi kwa upendo, maana utepe wenyewe ni kitu kizuri ukitumiwa kwa kiasi: ngazi moja, mwanga mweupe wa njano unaoweza kupunguzwa, ukielekezwa juu ili dari ndilo ling'ae na macho yasiuone utepe.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza, utepe unabandikwa uchi bila reli ya alumini yenye kifuniko cha ukungu, na sakafu ya marumaru inayong'aa inaakisi vidoti vyote mpaka mlangoni. La pili, wananunua wa volti 12 kwa sebule ndefu. Mwisho wa utepe unakuwa hafifu kuliko mwanzo. Wa volti 24 unahimili urefu vizuri zaidi, na ukizidi mita tano lisha umeme kwenye pande zote mbili. La tatu ndilo linalouma: draiva ya LED, kile kiboksi kinachoulisha utepe umeme, inatupwa juu ya jipsamu, chini ya bati. Oktoba huko juu ni tanuri, na joto ndilo linaloua draiva mapema. Ikifa, fundi anatoboa dari kuitafuta. Iweke mahali penye hewa na panapofikika, juu ya kabati la nguo kwa mfano, au acha mlango mdogo kwenye jipsamu.

Upande wa pili kuna taa mbili za kusimama, moja kona ya kochi na moja kando ya kabati, zikiwa na soketi janja, ile inayochomekwa ukutani kisha taa ikachomekwa kwayo. Hazihitaji fundi wa jipsamu wala kuchimba chochote. Seremala anaweza kukutengenezea miguu kutoka kwenye mabaki ya mninga uliolipia tayari, na kofia ikashonwa kwa kitenge cha rangi hafifu au kitani. LED haina joto kubwa la kuunguza kitambaa. Soketi janja za pini tatu ni nene na huziba soketi ya jirani, kwa hiyo zifiche nyuma ya kochi, usiziweke kwenye soketi inayoonekana ukiingia.

Kwa sebule yenye dari la chini, taa za kusimama zinashinda bila ubishi. Jipsamu ya ngazi inakula sentimita za urefu ambazo mwezi wa Oktoba unazihitaji kwa hewa. Kwa sebule kubwa yenye dari refu, utepe unaleta kitu ambacho taa ya kona haileti, chumba kizima kupata mwanga bila kivuli. Ukiwa na hela ya kimoja, anza na taa za kusimama, jipsamu haikimbii.

Wi-Fi au Zigbee

Vifaa vya Wi-Fi vinaongea na ruta yako moja kwa moja. Ni rahisi kuanza navyo na havihitaji kununua kitu kingine. Vya Zigbee, aina nyingine ya mawasiliano ya redio, vinahitaji kituo kidogo cha kuviunganisha, ila vyenye kulishwa umeme wa ukutani vinapokezana ishara: swichi ya ukumbini inabeba ujumbe hadi ya chumba cha mwisho. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne vinavyofuatana, tofauti hiyo unaisikia.

Jambo la bando ndilo linaloamua zaidi. Vifaa vingi vya bei nafuu vya Wi-Fi hupeleka amri yako kwenye kompyuta za nje ya nchi, kisha amri inarudi kuwasha taa iliyo mita mbili kutoka ulipokaa. Bando likiisha, simu haiwashi. Kituo cha Zigbee kilichopangwa vizuri kinaendesha ratiba humo humo ndani, bando liwepo lisiwepo. Zaidi ya hapo, ruta ndogo za laini ya simu nyingi zina kikomo cha vifaa, na ukishaweka simu za familia, TV na balbu kumi, mmoja anaanza kutupwa nje. Kwa vifaa vitano au sita, Wi-Fi inatosha. Zaidi ya hapo nenda Zigbee. Ukiona alama ya Matter kwenye boksi, kiwango kilichotoka 2022, ni vizuri, maana kifaa hicho hakikufungi kwa kampuni moja na kimekusudiwa kuongozwa ndani ya nyumba.

Wi-Fi ya vifaa hivi kwa kawaida ni ya gigahezi 2.4. Kifaa kikikataa kuungana, mara nyingi simu yako iko kwenye ile ya 5.

Kuhusu sura: ruta usiifungie nyuma ya TV, na usiiweke ndani ya kabati la chuma. Kabati la mbao lenye mlango wa vibao vya kuachana linaificha vizuri, ishara inapita na hewa inapita. Mwambie seremala atoboe tundu la waya nyuma, milimita 50, kabla ya kupaka vanishi.

Radi na uniti

Msimu wa mvua hapa haupiti bila radi, na vifaa hivi vina ubongo wa elektroniki ambao balbu ya kawaida haina. Athi ya nyumba iwe kweli, si waya uliochomekwa kwenye mchanga mkavu, na kwenye mein swichi fundi afunge kizuia umeme unaopanda ghafla (SPD). Frijigadi peke yake inalinda kilichochomekwa kwayo tu.

Kwa upande wa LUKU, balbu janja iliyozimwa kwa simu bado inasikiliza, na hula kama nusu wati. Vifaa 20 ni wati 10 usiku na mchana, sawa na uniti 7 na kitu kwa mwezi. Kwa anayejitahidi kubaki chini ya uniti 75, hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi. Weka ujanja pale unapoutumia, stoo haihitaji.

UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta na kituo cha Zigbee ni pesa nzuri. Umeme ukirudi, vifaa vinamkuta mkubwa wao yuko macho.

Vingine, kwa haraka

Pangaboi: usilifunge kwenye swichi ya kupunguza mwanga. Mota itavuma na swichi itachemka. Nunua swichi janja ya feni, au pangaboi jipya la mota ya DC lenye rimoti, ambalo hula kama wati 30 pale ambapo la kawaida hula 70. Kwa joto la Septemba na Oktoba, hiki ndicho kifaa cha kwanza ambacho ningelipia baada ya taa.

Mapazia ya mota yanapendeza, lakini dirisha la magharibi linahitaji kwanza pazia zito lenye bitana, linalogusa sakafu. Mota inakuja mwisho kabisa. Tembe la makumbusho pale Kwihara, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872, lina kuta nene za udongo. Ruta ingeteseka mle ndani, ila pangaboi lisingekuwa na kazi.

Kamera ya nje dhidi ya taa ya kihisi mwendo: mwanga wa kamera wa usiku huvuta wadudu, wadudu wanaleta buibui, na utando mbele ya lensi unakutumia taarifa za mwizi usiku kucha. Kama unachotaka ni kumtisha mtu getini, taa inatosha. Kama unataka ushahidi, weka kamera yenye kadi ndani yake, na ufagio karibu.

Spika za kuamrishwa kwa sauti: Kiswahili hakimo katika lugha za Alexa. Nyumba ambayo taa inamsikiliza baba peke yake kwa sababu ndiye mwenye Kiingereza italeta maneno.

Kufuli janja sipendekezi kwa milango yetu mingi, yenye geti la chuma nje na mbao ndani. Utalifungua moja kwa simu na jingine kwa ufunguo.

Ningeanza wapi

Mpangaji: taa mbili za kusimama zenye soketi janja, balbu mbili za kubadili weupe, ruta kwenye kabati la vibao. Hapo sebule imeshabadilika na hujamwomba mwenye nyumba ruhusa.

Mwenye nyumba iliyokwisha: mwite fundi afungue swichi tatu tofauti aangalie kama nyutro ipo, kabla hujalipia chochote. Ikiwepo, swichi nyeupe za kubonyeza sebuleni na ukumbini. Isipokuwepo, fuata njia ya mpangaji, si aibu.

Anayejenga: boksi za milimita 47, nyutro kila swichi, paipu tupu kutoka kabati la TV hadi darini na nyingine hadi juu ya kila dirisha kubwa. Siku moja kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umeshikilia futi kamba, kuanzia sakafuni mpaka kwenye boksi, na jina la chumba limeandikwa kwa chaki. Fundi atakayekuja kutoboa kwa ajili ya TV au reli ya pazia atataka kuziona picha hizo kabla ya kuwasha drili.